Saa Iliyoazimwa na Serikali

Asimina wa Karidia hakuwa na saa, wala hakuwahi kuitaka. Marehemu mumewe aliacha moja ya mfukoni, na mwanawe Zisis alipoitwa jeshini aliondoka nayo. Tangu hapo nyumba ile iliendeshwa na mbuzi, kengele ya kanisa na kivuli cha mti wa mjozi kilichotambaa uani mchana kutwa. Kivuli kikigusa pipa la maji, ni saa sita. Kikifika kwenye mlango wa zizi, ni saa nane. Na mwaka ule, saa nane ya Jumapili ndiyo saa pekee iliyokuwa na maana kwake.

Zisis ni jina wanalopewa watoto ambao waliowatangulia hawakukaa. Asimina alikuwa amezika wawili kabla yake. Huyu akakaa, akakua, akaota ndevu, akapelekwa na jeshi kwenye kambi moja kisiwani Kupro, na kiangazi kile vita vikamkuta huko. Wengine walirudi kwa miguu yao, wengine walirudi kwenye masanduku. Zisis hakurudi kwa njia yoyote. Halikurudi hata begi lake.

Kulia, Asimina hakulia. Wanawake wa kijiji walimjia wakiwa wamejifunga vitambaa vyeusi, wamejiandaa kama wanavyojua kujiandaa, wakamkuta kibarazani anachambua maharagwe. Akawakaribisha, akawapa kahawa, akaendelea kuchambua. Walikaa kidogo wakitazamana, wakaondoka, na njiani mmoja wao akasema mwanamke yule kaingiwa na ganzi ya moyo. Kwa mara moja katika maisha yake yule mama alisema kweli. Asimina mwenyewe angekuambia kuwa mkono wake aliuona mkono, mbuzi aliwaona mbuzi, ila kila kitu kilikuwa upande wa pili wa kioo. Hata padri alishindwa pa kumweka kijana. Kanisani kuna majina ya kuombewa ya walio hai na kuna ya marehemu, basi padri akamwuliza amsome Zisis upande gani. "Msome tu," alimjibu. Ikabidi padri alisome jina pale katikati, kwa sauti ndogo, harakaharaka.

Kilichobaki kilikuwa redio. Kila Jumapili saa nane mchana redio ilisoma majina ya waliopatikana: waliomo hospitalini, waliotoka vifungoni, waliozikwa na watu waliowajua. Kila wiki orodha mpya, na jina likishasomwa halirudiwi. Mwalimu wa shule alimwandikia barua mbili kwa wakubwa huko mjini, na wakubwa hawakujibu hata moja. Kwa hiyo redio ndiyo ilikuwa mlango pekee, na redio ya kusikika vizuri Karidia ilikuwa moja tu, ya mkahawa wa Stergios.

Sasa, mkahawani kwetu mwanamke haingii. Hakuna sheria iliyoandikwa, ila hajaingia mama yako, wala mama yake. Jumapili ya kwanza Asimina alisimama nje chini ya dirisha, mvua inamnyeshea mabegani, anasikiliza kupitia kioo. Stergios akamwona. Stergios ndiye baba wa ubatizo wa Zisis, na tangu siku ile ya ubatizo yeye na Asimina waliitana kumbara na kumbaro, udugu ambao kwetu ni mzito kuliko wa damu. Akatoka, akamshika kiwiko, akamwingiza ndani mbele ya wanaume wote, akamwekea kiti pembeni ya redio. Manthos, mgawa maji wa kijiji, mtu ambaye mdomo wake haujui likizo, alitaka kusema neno. Stergios akamtupia jicho, neno likarudi lilikotoka.

Redio yenyewe ilikuwa ya mbao, kubwa, aina ile yenye taa ndani, ambayo ukiiwasha hukaa kimya kwanza mpaka ipate moto ndipo iseme. Kwa hiyo Stergios aliiwasha mapema kila Jumapili. Asimina akifika aliweka kiganja juu ya kifuniko chake, kilichokuwa vuguvugu kama tumbo la mbuzi, na akauacha mkono hapo mpaka majina yaishe. Wanaume waliacha karata. Mtangazaji alisoma, Zisis hakuwemo, Asimina akasema "haya," akaenda zake. Ndivyo ilivyokuwa kuanzia vuli, kipupwe chote, mpaka theluji ikaanza kuyeyuka mlimani.

Mwezi wa Aprili serikali ikatangaza kwamba saa zote nchini zisogezwe mbele kwa saa moja, ili tubane matumizi ya umeme. Na sisi Karidia umeme wenyewe ulikuwa haujafika kwenye nusu ya nyumba! Kijiji kiligawanyika papo hapo. Padri alisema jua halimsikilizi waziri, kengele yake itapigwa kama ilivyopigwa siku zote. Mwalimu akasogeza saa ya shule, watoto wakaanza kwenda darasani wanapiga miayo, na mama zao wanawavalisha kwenye kiza huku wakimlaani mtu wasiyemjua. Basi la mjini nalo lilifuata saa mpya, likawaacha watu wanne kituoni siku ya kwanza tu, mmoja wao ana jino la kung'olewa, akalala nalo hadi Jumatatu. Ukimwuliza mtu saa, kwanza alikuuliza unataka ya zamani au ya waziri.

Stergios alikuwa wa zamani, tena wa kuapa. Saa ya ukutani ya mkahawa aliinunua kwa pesa zake, alisema, na hakuna ofisi itakayomwekea mkono juu yake. Asimina hayo yote yalimpitia. Watu walipozungumza habari ya saa, yeye aliona ni mambo ya wenye saa. Mjozi wake haukusogea.

Jumapili ya kwanza ya saa mpya, kivuli kilipofika karibu na mlango wa zizi, alinawa, akajifunga kitambaa safi, akashuka. Alivuka uwanja wa kijiji kama kawaida, mapema kidogo kama kawaida. Mbele ya mkahawa basi lilikuwa limesimama. Alipoingia, aliona dereva amesimama wima kaunta na kahawa yake haijaguswa, na wanaume wote wanatazama meza zao. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa nane. Stergios alimjia hata kabla hajakaa.

"Wamesoma, kumbara," alisema. "Redio imefuata saa mpya, wamesoma mapema. Hakuwemo."

Aliyasema yote kwa pumzi moja. Asimina alimtazama. Akaenda pembeni pale pale pa siku zote, akaweka kiganja juu ya redio, akakaa hivyo kidogo, akakiondoa.

"Haya," alisema, akarudi kwake.

Wiki ile mwalimu aliona ugomvi wa saa umezidi, akawaita wazee kwenye ngazi za shule baada ya masomo ili awaeleweshe. Alikuwa kijana mwema, mwalimu yule, mwenye subira, na aliwachorea jua na dunia ubaoni mpaka chaki ikamwishia. Mzee mmoja aliuliza kwa uchungu wa kweli: umri wake umepunguzwa saa moja, nani atamlipa? Watu walicheka. Mwalimu akasema hapana, baba, haikuibwa, imeazimwa tu, na mwezi wa kumi na moja itarudishwa.

Asimina alikuwa anapita na mzigo wa majani mgongoni. Akasimama.

"Itarudishwa hiyo hiyo?" aliuliza.

Mwalimu hakujua anaulizwa nini. Alifurahi tu kwamba Asimina, ambaye tangu kiangazi kilichopita hakusema na mtu ila kwa lazima, ameuliza swali. Akamjibu kwa upole, "Hiyo hiyo, shangazi." Asimina akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa siku ya mnada wa mbuzi, akarekebisha kamba ya mzigo, akaendelea na njia.

Tangu hapo hakukosa Jumapili hata moja. Alijifunza kushuka kivuli kikiwa bado katikati ya uani, akaketi, redio ikawa imeshapata moto, majina yakasomwa. Kutoka vijiji vya jirani hakuna aliyekuja kumwambia amesikia lolote ile Jumapili aliyoikosa. Lakini nani angekuja? Siku ile bonde zima halikujua liko saa ngapi. Kule Petroto padri alianza ibada kanisa likiwa tupu, na kule ng'ambo ya mto watu walifika harusini wakamkuta bwana harusi anakula keki na wahudumu. Kama jina lilisomwa, lilisomwa kwa hewa.

Msimu wa maji ulipoingia, mambo ya saa yakawa makali. Kwetu mashamba ya maharagwe hunyweshwa kwa zamu, kila nyumba na saa yake, na Manthos ndiye hufungua na kufunga mfereji. Manthos alishindwa kuamua afuate saa ipi, akaamua kufuata ya yule anayepiga kelele zaidi. Siku moja wanaume wawili walijikuta kwenye mfereji mmoja, kila mmoja ni zamu yake, kila mmoja ana haki, na majembe yako juu. Manthos kajificha nyuma ya mkuyu anamwita padri. Asimina, ambaye shamba lake lilikuwa jirani, alitembea kwa viatu vyake vya mpira, akapita katikati yao bila kuharakisha, akainama, akafunga mlango wa mfereji kwa jiwe. Maji hayakwenda kwa huyu wala kwa yule. Akarudi kupalilia. Wanaume wale walishusha majembe, maana walijua mwanamke yule hata lingemshukia jembe asingegeuka, na jambo hilo liliwatisha.

Katikati ya Agosti mtangazaji alisoma orodha fupi, majina sita, kisha akasema hiyo ndiyo ya mwisho, kipindi kimefungwa. Akaweka wimbo. Manthos alisema nzi ni wengi mwaka huu. Asimina aliondoa kiganja, akamshukuru Stergios kwa kiti, akamshukuru kwa Jumapili zote, na akatoka. Wanawake walisema sasa atalia. Padri alijiandaa kuulizwa habari ya ngano ya kumbukumbu, ile tunayochemsha kwa ajili ya marehemu wetu. Hakuulizwa. Jina likabaki pale katikati.

Maharagwe yalikauka, yakavunwa. Jozi zikaanguka kutoka mtini, Asimina akaziokota vidole vikawa vyeusi kwa maganda. Mkahawani kiti chake kilikaa pembeni ya redio na hakuna aliyekikalia, na jioni Stergios akifagia alikizunguka. Watu waliona Stergios naye amebadilika. Alikuwa mcheshi, akawa mtu wa kufuta glasi moja mara tatu. Saa yake ya ukutani aliisogeza mbele kimyakimya mwezi ule ule wa Aprili, bila kutaniwa na mtu, na Manthos pekee ndiye aliyethubutu kumwuliza kiapo kimekwenda wapi.

Mwisho wa Novemba saa ikarudishwa. Siku hiyo padri na waziri wakawa tena wa saa moja, na kijiji kikapumua. Yule mzee wa ngazi za shule alisema amelala lisaa lake lote, halikupungua hata dakika.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na mawingu, mjozi hauna jani wala kivuli. Asimina alihesabu kwa kengele. Alinawa, akajifunga kitambaa safi, akashuka, akavuka uwanja, akaingia mkahawani mapema kidogo kabla ya saa nane, kama alivyoingia mwaka mmoja nyuma. Karata zikasimama hewani.

"Kumbara," Stergios alisema taratibu, "hawasomi tena. Unajua."

"Najua," alisema Asimina. "Washa."

Akawasha. Asimina akakaa kwenye kiti chake, akaweka kiganja juu ya kifuniko. Redio ilikaa kimya, ikapata moto, ikasema. Kulikuwa na wimbo wa klarineti, kisha bei ya pamba, kisha hali ya hewa ya baharini, na sisi bahari hatuijui. Asimina alisikiliza bei ya pamba kwa makini yale yale aliyosikilizia majina. Alikuwa na miadi na lisaa lile lililoazimwa na amekuja kulipokea. Lingeleta nini halikuwa juu yake. Wanaume walianza kutoka mmojammoja, kila mmoja amekumbuka kazi. Manthos alitoka wa mwisho, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakusema kitu.

Walipobaki wawili, Stergios aliweka kitambaa cha kufutia glasi kaunta, akakichukua, akakiweka tena.

"Jumapili ile," alisema. "Ile ya Aprili. Sikuwasha redio, kumbara. Tulikuwa tunabishana. Saa, saa, saa, mkahawa mzima unapiga kelele, na mimi ndiye mkubwa wao. Sikukumbuka kwamba na redio ni ya serikali. Dereva wa basi akaingia, akasema hii ni saa tisa, mnangoja nini? Nikatazama nje, nikakuona unavuka uwanja. Nikasema la kwanza lililonijia mdomoni. Hakuna aliyesikia majina siku ile. Hakuna hata mmoja wetu."

Asimina hakugeuka.

"Mtoto yule nilimtoa kwenye maji ya ubatizo kwa mikono hii," Stergios alisema, akaionyesha, kana kwamba kuna aliyekataa. Alikuwa analia sasa, bila sauti, machozi yanaingia kwenye masharubu. "Huenda walimsoma. Huenda hawakumsoma. Mimi sijui, na wewe hutajua, na ni kwa sababu yangu."

"Najua, kumbaro."

"Unajua nini?"

"Ilikuwa baridi," alisema Asimina. "Niliweka mkono. Ilikuwa baridi."

Stergios alikitazama kile kiganja juu ya mbao, na ilimchukua muda kuelewa.

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

"Miezi yote hii unakuja, unakaa hapo, unanisalimia, unanishukuru kwa kiti. Na hukusema?"

"Mwalimu alisema itarudishwa," alisema Asimina.

Aliyasema bila lawama, kwa sauti ile ile ya kusema mbuzi wamekula. Stergios angeweza kumweleza, kama mwalimu alivyoeleza kwa chaki, kwamba saa hairudi na kilichokuwa ndani yake. Hakumweleza. Alizunguka kaunta, akasogea pembeni ya kiti, na kwa kuwa hakujua la kufanya na mikono yake, aliweka mmoja juu ya redio, kando ya wa Asimina. Mbao zilikuwa na joto. Wakasikiliza pamoja hali ya hewa ya baharini, nyimbo, tangazo la mbegu za ngano, nyimbo tena, na kila mtangazaji alipovuta pumzi ili aseme kitu kipya, wote wawili walivuta pumzi pia.

Saa tisa ilipogonga ukutani, Asimina aliondoa mkono. Alikitazama kiganja, akakifuta kwenye sketi.

"Basi," alisema. "Zima."

Akazima. Asimina akasimama, akakirudisha kiti kwenye meza, pamoja na viti vingine. Mlangoni alisimama kidogo akifunga kitambaa chake vizuri, na alipozungumza hakugeuka.

"Kesho pita kwa padri unitangulie," alisema. "Mwambie nachemsha ngano."

Kisha akaenda kuwafungia mbuzi, maana siku hizo giza lilikuwa linaingia mapema.